Ganzi hiyo kapime sukari kwanza, vitamini baadaye



Biashara yangu ya magauni ya harusi hunifikisha mpaka Katesh, wilaya ya Hanang. Safari moja nilikuwa namchukua vipimo mama wa biharusi, pini zimezagaa sakafuni. Alipoinua mguu nikaona damu mkekani. Pini imezama unyayoni na yeye bado ananieleza rangi ya satini anayoitaka. Hakusikia kitu!

Nikamuuliza, bi mkubwa, ganzi hii tangu lini? Akacheka. "Zaidi ya mwaka, mwanangu, lakini natumia dawa." Akanitolea mkobani vidonge vya vitamini B. Muuza duka alimwambia ni mishipa tu. Alipopimwa hospitali, kumbe sukari, na ilishakula mishipa ya fahamu ya miguu. Kidonda hakikupona, kidole kikakatwa. Siku ya nikaha ya bintiye alikuwa kitandani.

Tena nyumba yenye ng'ombe! B12 inatoka kwenye nyama, maziwa, mayai na samaki. Mtu anayekunywa maziwa kila siku anauziwa B12 ya kopo, na hakuna aliyemtoboa kidole apime tone moja la damu.

Nasema wazi: anayemuuzia mtu vitamini za ganzi miezi na miezi bila kumuuliza kuhusu sukari anamuibia muda wa kutibiwa. Na sisi tunaopeana vikopo kama zawadi tumo.

Mtaniambia vitamini hazina madhara. Si kweli. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi. Sisemi vitamini ni uongo. Anayetumia isoniazidi ya TB hupewa B6 ili mishipa isiharibike. Anayetumia metfomini kwa miaka anaweza kupungukiwa na B12, na daktari akampa. Lakini hapo sababu inajulikana. Baka la ngozi lisilosikia laweza kuwa ukoma, na dawa yake hutolewa bure. Mimi mwenyewe vidole vilikufa ganzi kwa mkasi na cherehani, nikameza vidonge miezi mitatu bure. Tatizo lilikuwa mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Wajawazito pia huwapata hilo, biharusi wa mwaka jana mnanielewa.

Na yale maumivu ya kuungua usiku kama umekanyaga makaa, panadol haiyawezi sana. Zipo dawa zake, kama amitriptilini, lakini aandike daktari.

Najua nauli inauma. Ila Mbulu ina Hospitali ya Kilutheri ya Haydom tangu 1955, na kipimo cha sukari ni dakika chache tu. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, hakutuambia tubahatishe.

Wenye ganzi tayari, baridi ya Mbulu isiwadanganye mkaweka miguu karibu na moto au kwenye maji ya moto. Mtaungua bila kujua. Maji mjaribu kwa kiwiko cha mkono, na kama mikono nayo ina ganzi, mwingine awajaribie. Na kila mkitawadha, tazameni nyayo na katikati ya vidole, kisha mkaushe. Yule mama sasa humwita mjukuu amwangalie kwa tochi ya simu.

Mkienda hospitali, chukueni na kile kikopo. Daktari aone mmekuwa mkimeza nini.