Divai ya Punda Mdogo



Mgeni wetu kutoka kusini mwa Italia alituletea chupa ya divai nyekundu, nasi tukaionja pamoja hapa Korogwe baada ya chakula cha jioni. Jina lake ni Susumaniello. Wengi wenu hamjapata kulisikia. Hata Waitalia wengi hawalijui. Rangi yake ni nzito, karibu na ya zambarau iliyoiva. Ina uchachu mzuri unaokumbusha ukwaju, kisha huuacha ulimi umekauka kidogo, kama wa mtu aliyekula bibo. Aliyezoea divai tamu ya Dodoma hushtuka kwa funda la kwanza. La pili humtuliza. (Wale wanaotuuliza kila mara kama padre anaruhusiwa kunywa divai nje ya altare, wausome ushauri wa Mtume Paulo kwa Timotheo. Wasisahau tu kwamba Mtume alitaja divai kidogo.)

Lakini kilichotugusa zaidi ni habari za mzabibu wenyewe. Kwao ni Brindisi, katika mkoa wa Puglia, pale kwenye kisigino cha Italia, ambako ilikomea Via Appia, barabara ya kale iliyotoka Roma. Inasemekana jina lake limetokana na neno la wenyeji la punda mdogo, kwa sababu mzabibu huu ukiwa kijana hubeba mashada mengi mno, mfano wa punda aliyetwikwa madumu ya maji kwenye njia za Handeni. Baraka hiyo haidumu. Baada ya miaka kama 10 mashada hupungua sana. Wakulima wakaona hasara, wakaung'oa na kupanda aina nyingine. Tena hata ulipokuwa ukizaa kwa wingi, divai yake haikujulikana kwa jina: ilichanganywa na divai nyingine, kama ile ya Negroamaro, ili kuzitia rangi na nguvu. Mwishoni mwa karne ya 20 ulikuwa umebaki mahali pachache tu. Ndipo watengenezaji wachache wa Brindisi walipourudia, wakatambua kwamba mzabibu mzee, kwa kuzaa kidogo, huweka nguvu zake zote katika mashada machache. Wakaitia divai yake chupani peke yake, jina lake likiandikwa mbele.

Sisi wa Korogwe tunaielewa habari hiyo upesi. Mkonge hukatwa majani mwaka hata mwaka, kisha hutoa mlingoti wa maua na kufa. Na manamba waliokuja kutoka mbali kuukata? Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Majina ya waliopindisha migongo kwa kazi ile yameandikwa wapi?

Tusiwanyoshee kidole wenye mashamba peke yao. Katekista wa kigango amekwenda kwa miguu miaka 30, amefundisha watoto wetu, amezika wafu wetu, ameongoza ibada Jumapili ambazo padre hakuweza kufika. Magoti yanapomwishia tunamwimbia, tunampa shuka, tunamtafuta kijana. Kwa maoni yetu, huko ni kung'oa mzabibu. Najua jibu litakalotolewa, kwamba parokia ni maskini na kijana naye anahitaji posho. Hoja hiyo ina uzito, hatuibezi. Lakini parokia hiyohiyo maskini huchinja ng'ombe wawili kila jubilei, na mwaka huu inapanga kupaka rangi upya ukuta ambao haujachakaa.

Tunapendekeza sehemu ya sadaka ya mavuno itengwe kwa ajili ya makatekista wazee, ilipwe kila mwezi, nayo isiguswe kwa shughuli nyingine. Tena wazee hao wasiachwe nyumbani: waketi na wanafunzi wa kipaimara hata mara moja kwa mwezi. Watasema machache, na hayo machache vijana wetu hawatayapata kitabuni.

Halmashauri ya Walei italijadili jambo hili Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili. Viongozi wa vigango waje na majina ya wazee hao, yakiwa yameandikwa kamili.