Usiniulize Freddie Alizaliwa Wapi

Mwaka jana, kwenye semina ya shahada ya uzamili, kila mmoja wetu alitakiwa ataje muziki uliomkuza. Wenzangu wakataja taarabu, dansi, Bongo Fleva. Mimi nikasema Queen. Darasa likacheka. Mtoto wa Dunda, Bagamoyo, na roki ya Waingereza wapi na wapi? Nikajitetea haraka: "Lakini Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar." Kicheko kikakatika, vichwa vikaanza kukubali. Nikapona. Tangu siku hiyo najionea aibu, kwa sababu nilidanganya.

Sikudanganya kuhusu Freddie. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni India, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Uongo wangu ni kujifanya kwamba niliipenda Queen kwa sababu hiyo.

Ukweli ni huu. Mwaka 2010 nilikuwa darasa la sita. Kaka yangu alikuwa anakaanga samaki sokoni, kule ufukweni, na pembeni ya karai lake kulikuwa na redio ndogo ya memori kadi. Siku moja aliipeleka kadi kibandani aingiziwe nyimbo za Jahazi Modern Taarab, na kijana wa kompyuta akamjazia na nyingine ambazo hakuziomba. Katikati ya taarabu ukalipuka wimbo wa mguu, mguu, kofi. Hatukujua jina lake. Ndani ya wiki moja wavulana wa sokoni walikuwa wanaupiga kwenye ndoo tupu za samaki, mara mbili kitakoni, mara moja ubavuni, huku wachuuzi wakiitikia maneno yasiyo na lugha. Kaka, aliyeishia kidato cha pili, alikuwa anafumba macho mbele ya mafuta yanayochemka, nami nikiogopa ataungua.

Ulikuwa We Will Rock You, wa mwaka 1977, mtunzi wake Brian May, mpiga gitaa. Hayo nimeyasoma baadaye. Kaka hakuyajua wala hakuyahitaji. Aliupenda miaka minane kabla filamu ya Bohemian Rhapsody haijatoka, mwaka 2018, na kutukumbusha wasomi kwamba Freddie ni "wetu".

Wetu tangu lini? Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Zanzibar ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe. Kundi la Uamsho likaipinga kwa sababu ya maisha yake, ikafutwa. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani, watalii wanalipa kuingia. Sina ugomvi na makumbusho. Ugomvi wangu ni na hesabu hii: mtu ni wetu akileta dola, akileta maswali si wetu.

Na ninyi mnaosema roki si utamaduni wetu, hebu tufungue kabati. Muziki wa dansi mnaouita zilipendwa ulinyonya rumba ya Kuba, kwa santuri na kupitia Kongo. Taarabu ya Unguja ilijengwa kwa ala na mitindo ya Misri. Beni ya babu zetu wa pwani ilianza kwa kuiga bendi za matarumbeta za majeshi ya kikoloni. Waliipiga mpaka ikawa yao, na hakuna aliyewadai cheti cha kuzaliwa. Ndoo za sokoni zilikuwa zinafanya kazi ileile.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: kicheko cha darasani hakikunihusu mimi. Mwenye shahada akipenda Queen huambiwa ana upeo. Kilimhusu kaka. Tumeshamkadiria mkaanga samaki apende nini, na tukimkuta anapenda kingine tunamtafutia sababu: anaiga Wazungu, au haelewi maneno. Mbona bibi zetu walilia kwenye filamu za Kihindi bila kujua hata neno moja? Nani aliwaambia wafute machozi mpaka wapate tafsiri?

Nami nilipoulizwa, nilimficha kaka yangu nyuma ya mgongo wa mtu maarufu. Niliona cheti cha kuzaliwa cha Freddie kina heshima kuliko mapenzi ya mtu aliyenilipia daftari kwa samaki.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, nikamwambia kwamba yule mwimbaji alizaliwa Unguja. Akageuza changu kwenye mafuta.

"Kumbe! Basi si angeimba Kiswahili tukamwelewa?"

"Ungempenda zaidi?"

Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Mdogo wangu, mimi nilimpenda siku ileile."

Nikiulizwa tena darasani, Unguja sitaitaja. Nitasema kaka yangu, mkaanga samaki wa Dunda, aliupenda wimbo ule, akanipendesha na mimi. Anayetaka kucheka acheke.