Ndege kuukuu za vita: tuziyeyushe au tuzihifadhi?

Mwezi uliopita nilipita Nakuru nikirudi Mombasa, nikalala siku mbili Bondeni, mtaa ambao Mswahili wa pwani akifika hajioni mgeni. Baada ya sala ya alasiri tuliketi barazani kwa kahawa, na mazungumzo yakaangukia jambo nisilolitazamia: ndege za vita.

Chanzo kilikuwa picha. Kijana mmoja wa Kisomali, mzaliwa wa Gilgil, alikuwa ametoka kuwatembelea jamaa zake Hargeisa. Alipigwa picha chini ya ndege ya Kirusi aina ya MiG-17 iliyowekwa juu ya jukwaa katikati ya mji. Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia ami yake, mzee yule hakuitazama.

"Ingekuwa amri yangu," alisema, "ningeiyeyusha watu wafanyie sufuria."

Hakuna aliyecheka. Msomaji aelewe kwamba Wasomali wa kabila la Isaaq si wageni wa jana katika Bonde la Ufa. Walifika Naivasha, Gilgil na Nakuru zama za Waingereza, wengine wakiwa askari, wengine wafanyabiashara wa mifugo, na nyuzi za ujamaa kati yao na Hargeisa hazikukatika. Mwishoni mwa Mei 1988 wapiganaji wa SNM walipoingia Hargeisa, serikali ya Siad Barre iliupiga mji ule kwa mizinga na kwa ndege. Ndege zenyewe ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa, zikageuka na kuangusha mabomu juu ya mji huo huo. Sehemu kubwa ya mji ilibomoka, maelfu ya raia wakafa, na walionusurika wakakimbilia Ethiopia, hata kambi ya Hartisheik ikawa kama mji. Mzee wetu alimpoteza dada yake katika siku zile. Mtu wa namna hiyo akisema sufuria, haifai kumjibu kwa haraka.

Hata hivyo nilimjibu, kwa adabu. Nilimwambia kuwa ndege ile haikuwekwa pale kwa kusifiwa. Watu wa Hargeisa walioiweka ndio waliopigwa, na ukutani chini yake wamechora mateso yao. Wako wanaolalamika kwamba kumbukumbu kama hii ni kuiga sanamu za Wazungu. Fatwa nawaachia masheikh, lakini ndege si mfano wa kiumbe chenye roho. Na Firauni je? Sura Yunus inatueleza kuwa mwili wake uliokolewa ili uwe ishara kwa waliokuja baada yake.

Wenzetu wa mbali nao wamekabiliwa na swali hili. Bucharest, mji mkuu wa Romania, iko nyumba ya makumbusho ya urubani yenye MiG za tangu enzi ya MiG-15. Warumania waliuangusha utawala wa Ceausescu Desemba 1989, na wengi hawana hamu ya kukumbuka miaka ya kukaa chini ya kivuli cha Moscow. Lakini MiG-21 waliendelea kuzirusha mpaka Mei 2023, na za zamani zaidi wamezitunza. Naona walitambua kuwa historia ya aibu nayo ni mali yao, na ukiitupa, jirani ataiokota na kukusimulia apendavyo.

Hilo la jirani ndilo lililonikera pale Nakuru. Kati ya 1941 na 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuwa na kikosi chao nambari 70 cha kufunza wanahewa mjini hapo, wakitumia ndege za mabomu za Blenheim. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungua nguvu, na mwanafunzi akikosea hana nafasi ya kujirekebisha. Baadhi ya vijana wale wamezikwa hapo hapo. Nilipouliza mjini ni wapi nitaona kumbukumbu ya ndege hizo, nilielekezwa makaburini. Bawa hata moja sikuonyeshwa. Blenheim iko Duxford, Uingereza. Iliharibika ilipotua mwaka 2003, wakaishughulikia kwa miaka hadi ikaruka tena 2014. Na aina ya Lincoln, iliyoangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa Mau Mau, moja iko Cosford, huko huko Uingereza. Mtoto wa Kinangop akitaka kuona mfano wa ndege iliyonguruma juu ya shamba la babu yake, basi na atafute viza.

Sisemi kazi ya kuhifadhi ni rahisi. Bodi la ndege ni aluminiamu iliyochanganywa na shaba, na chumvi huitafuna kama inavyotafuna mabati yetu ya pwani. Mpira hupasuka kwa jua, ndege wa angani hujenga viota ndani ya injini, na kiti cha kumrusha rubani kina baruti ambayo lazima iondolewe kwanza. Nakuru pana ukavu kuliko Mombasa, ingawa vumbi la magadi la ziwani si rafiki. Tena wanunuzi wa vyuma chakavu hawalali. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara yao kwa miezi kadhaa kwa sababu nyaya na milingoti ya umeme ilikuwa ikiibwa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na ile ya yule kijana iko wapi?"

Alikuwa akimkusudia rubani Msomali ambaye mwaka 1988 alitumwa kupiga mabomu akakataa, akaielekeza ndege yake Djibouti. Mmoja barazani akakumbusha kwamba hata kwetu, tarehe 1 Agosti 1982, marubani wa F-5 wa Nanyuki waliolazimishwa na waasi kwenda kuipiga Nairobi waliyatupa mabomu yao msituni, Mlima Kenya.

"Basi hizo ndizo mngezitafuta," akasema mzee. "Hiyo ya Djibouti, wangeisimamisha Hargeisa, ningepanda gari kesho kwenda kuitazama."

Mpwawe akairudisha simu mfukoni. Adhana ya magharibi ikasikika, tukainuka kwenda kutawadha.