Pia na Protoni: Maoni Juu ya Kufundisha Spini

Kwa muda mrefu sisi walimu wa fizikia tumezoea kueleza spini ya chembe kwa kutumia pia. Tunaizungusha juu ya meza, kisha twawaambia wanafunzi kuwa elektroni nayo huzunguka vivyo hivyo. Darasa huridhika, nasi huridhika. Maoni yetu ni kwamba kuridhika huko huja mapema mno.

Mwaka 1925 Uhlenbeck na Goudsmit, vijana wa Leiden nchini Uholanzi, walitoa wazo la spini. Mzee Lorentz alipolipigia hesabu, aliona kwamba kama elektroni ingekuwa tufe dogo linalozunguka, uso wake ungelazimika kwenda kasi kuliko nuru. Vijana wale walitaka kuirudisha makala yao, lakini mwalimu wao, Ehrenfest, alikuwa amekwisha kuipeleka ichapishwe. Wazo likadumu; picha ya pia ndiyo iliyoshindwa. Spini ni sifa ya asili ya chembe, kama ilivyo chaji yake.

Lipo kosa la pili, nalo limejificha zaidi kwa kuwa hesabu yake yapendeza. Twafundisha kwamba protoni ina kwaki tatu, kila moja ikiwa na spini ya nusu. Mbili zikielekea juu na moja chini, nusu jumlisha nusu, toa nusu, jibu ni nusu, nayo ndiyo spini ya protoni. Lakini mwaka 1988 wataalamu waliorusha miuoni kwenye protoni zilizoelekezwa upande mmoja, katika maabara ya CERN huko Geneva, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa spini za kwaki huchangia sehemu ndogo tu. Vipimo vya baadaye vimeikadiria sehemu hiyo kuwa kama asilimia 30. Inayobaki hutafutwa katika gluoni, zinazozishikamanisha kwaki, na katika mwendo wa chembe hizo zote ndani ya protoni. Wanadharia hawajaifunga hesabu hiyo hadi leo.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamzidi kimo mwanafunzi wa sekondari, tena mtihani hauyaulizi. Sisi hatupendekezi afundishwe milinganyo ya wanadharia. Twapendekeza pia iendelee kuzungushwa, kisha mwalimu aulize: mfano huu wafaa wapi, na wakosea wapi? Hesabu ya nusu nayo iandikwe ubaoni, wanafunzi waipime kwa akili zao, ndipo waelezwe vipimo vilisema nini.

Tusipofanya hivyo, tutamzoeza mwanafunzi kuamini kuwa jibu linalopendeza ni kweli hata kabla halijapimwa. Mwanafunzi huyo ndiye atakayesimama kesho mbele ya darasa badala yetu, naye atafundisha kama alivyofundishwa.