Maoni: Mwenye kuokota hazina alipwe, ndipo historia itabaki

Ukitaka mutu akuletee kitu cha bei alichokiokota mu udongo, usianze na kumutisha. Umuonyeshe kwanza kwamba haki yake haitapotea. Uingereza ilijifunza jambo hilo kupitia mapambo ya zamani ambayo raia wa kawaida wanaokota mashambani, na sisi wa mashariki ya Congo tunaweza kupata somo ndani yake.

Tuchukue mufano wa broshi, yaani pambo lenye pini la kufungia nguo begani ao kifuani. Waanglo-Saxon, watu waliotawala sehemu kubwa ya Uingereza mbele ya mwaka wa 1066, walizitengeneza kwa shaba, feza na hata zahabu, wakizichora wanyama na majani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, muchimba-kaburi mumoja wa kijiji cha Pentney, katika jimbo la Norfolk, alikuwa anachimba katika uwanja wa kanisa. Akakuta broshi sita za karne ya 9, karibu zote za feza tupu. Akazipeleka kwa kasisi wake, na kasisi akazifungia kanisani. Kasisi mupya alipofika ndipo zikafikishwa kwa wataalamu. Mwaka wa 1980 ziliingia British Museum, kule London, na muchimba-kaburi akalipwa.

Alipata malipo kwa sababu inchi yake ilikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Baadaye Sheria ya Hazina ya 1996 iliiweka wazi zaidi. Mutu akikuta kitu chenye zahabu ao feza, kilichopita miaka 300, anapewa siku 14 za kukitangaza. Makumbusho ikikitaka, wataalamu wasiokuwa upande wowote wanapima bei yake ya soko. Kwa kawaida makuta hayo yanagawanywa kati ya aliyeokota na mwenye shamba. Na broshi ya shaba peke yake, ambayo mara nyingi sheria haiihesabu kuwa hazina? Mutu anaweza kuionyesha kwa afisa wa eneo lake, inapigwa picha, mahali ilipotoka panaandikwa, kisha anarudishiwa. Tangu 1997, zaidi ya vitu milioni moja na nusu vimeandikwa kwa njia hiyo, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuviangalia.

Kuandika mahali kilipotoka ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Broshi isiyojulikana ilitoka wapi ni pambo tu. Ile inayojulikana shamba lake inatuambia ni nani aliishi pale, alizikwa namna gani, na alifanya biashara na nani.

Wale wanaosema malipo hayana maana waangalie jambo lililotokea karibu na Leominster, mwaka wa 2015. Watu wawili wenye mashine za kutafuta vyuma walikuta mapambo ya zahabu na feza za sarafu zinazokadiriwa kuwa karibu 300. Wakaficha, wakaanza kuuza kwa siri. Mwaka wa 2019 tribinali iliwahukumu miaka mingi ya gereza. Sarafu chache zilizopatikana zinaonyesha wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa pili wa Mercia, kama washirika. Lakini maandishi ya upande wa Alfred yalimuzarau Ceolwulf. Sarafu nyingi zilipotea, na pamoja nazo sehemu ya ukweli ule. Kama wangetangaza mbele, wangepata makuta kwa haki na jina zuri juu yake.

Kuna wataalamu wanaosema kwamba kulipa kunawasukuma watu kuchimbua inchi yote. Hofu yao si ya bure, kwa sababu jembe la mutu asiyejua linaharibu. Lakini jembe la mulimaji litapita pale hata hivyo. Afazali kitu kipite mikononi mwa aliyezoezwa kukionyesha kuliko mikononi mwa muchuuzi wa usiku.

Na kwetu? Katika karne ile ya 9, wakati wafua feza wa Uingereza walikuwa wanachora broshi, watu wa kando ya ziwa Kisale, kule Upemba katika Katanga, walikuwa wanafua chuma na shaba. Makaburi ya Sanga, yaliyoanza kuchimbuliwa mwaka wa 1957, yanashuhudia ufundi huo. Udongo wetu si mutupu. Na kila siku walimaji na wachimbaji wa madini wanaupindua.

Sasa mumoja wao akikuta kesho bangili ya zamani ya shaba, atamupelekea nani? Nani atamupa karatasi yenye jina lake? Akiogopa kunyanganywa, ataiyeyusha ao atamuuzia mupita-njia.

Wabunge na wakubwa wa utamaduni hawahitaji kungoja makuta ya wageni. Waweke mutu mumoja anayejulikana katika kila teritware, kitabu cha kuandikia, na sheria fupi inayosema mwenye kuokota ana sehemu yake. Mutu aliyeheshimiwa mara moja atarudi na kitu cha pili, na jirani yake atamufuata.