Chupa Moja, Glasi Mbili

Mwezi huu tunakwenda Ujerumani, ila safari inaanzia hapa hapa nyumbani, kwenye meza ya baa Ijumaa jioni.

Jamaa ameagiza bia yake ya kila siku, ile ya rangi ya dhahabu. Mwenzake anaitupia jicho chupa ya bia nyeusi kwenye meza ya jirani, kisha ananong'ona: "Mh! Ile ya wazee, kali kweli." Na hapo mjadala umefungwa. Bia nyeusi ni kali, bia nyeusi ni chungu, bia nyeusi inashibisha kama ugali. Wengine wanaongeza kwamba inaongeza damu, na utamsikia mtu mzima na akili zake akimshauri mama mjamzito apate moja kila jioni!

Imani hizi zimetokana na stauti, ndiyo bia nyeusi tuliyoizoea huku kwetu. Lakini kuna bia nyeusi ya ukoo mwingine kabisa, laga nyeusi ya Wajerumani, na ukiijua hiyo utagundua kwamba mengi tunayoamini kuhusu rangi ya bia si kweli. Tena utagundua namna nyingine ya kunywa, inayowafaa sana watu wawili waliotoka pamoja.

Neno lililo kwenye chupa yako

Kwanza soma chupa iliyo mbele yako. Tusker Lager, Safari Lager, Kilimanjaro Premium Lager. Hilo neno la mwisho limetoka Ujerumani. Linatokana na "lagern", yaani kuhifadhi au kuweka ghalani. Laga ni bia inayochachuliwa kwenye ubaridi, kwa hamira zinazotulia chini ya pipa, halafu inaachwa ilale kwenye baridi kali kwa wiki kadhaa kabla ya kunywewa. Huko kulala ndiko kunakoifanya iwe laini na safi kooni.

Jimbo la Bavaria, ambalo mji wake mkuu ni Munich, lilishika utaratibu huu mapema. Mwaka 1516 watawala wake walitoa amri maarufu kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. (Hopsi ni yale maua yanayoipa bia uchungu wake na harufu ya majani.) Mwaka 1553 ikaja amri nyingine: marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu joto la kiangazi lilikuwa linaiharibu. Basi wapishi wakawa wanapika wakati wa baridi na kuihifadhi kwenye mahandaki. Juu ya mahandaki hayo wakapanda miti yenye majani mapana ili kivuli kiipoze ardhi. Chini ya kivuli hicho watu wakaanza kukaa na kunywa, na ndivyo zilivyozaliwa bustani za bia za Munich. Mwaka 1812 mfalme aliwaruhusu wapishi kuuza bia yao hapo, lakini chakula hapana, isipokuwa mkate. Hadi leo katika bustani nyingi za kule unaruhusiwa kwenda na kikapu chako cha chakula. Mtoko wa bei nafuu, au siyo?

Sasa sikia hili. Kwa karne kadhaa bia ya kawaida ya Munich ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyokolea. Hii ya dhahabu tunayodhani ndiyo bia yenyewe ni mdogo wake. Ilipikwa na Mbavaria aitwaye Josef Groll mwaka 1842, tena nje ya Bavaria, katika mji wa Plzeň ulioko Jamhuri ya Cheki ya leo. Munich yenyewe ilikuwa nzito kukubali, na kiwanda cha Spaten kilitoa laga yake ya dhahabu mwaka 1894. Baada ya hapo dhahabu ikaenea dunia nzima hadi ikafika kwetu, na kaka mkubwa akabaki nyumbani kwake, hajulikani sana nje.

Rangi haisemi ukali

Weusi unatoka wapi basi? Unatoka kwenye kimea. Shayiri inaloweshwa hadi iote, kisha inakaushwa kwa joto. Ikikaushwa taratibu, kwenye nyuzijoto 80 hivi, inabaki na rangi hafifu na kutoa bia ya dhahabu. Ikipandishwa hadi kupita 100, inakuwa ya kahawia na kunukia kama mkate. Na ikikaangwa hadi kupita 200 inakuwa nyeusi kama buni iliyoiva kwenye kikaango. Ni jambo lile lile unaloliona unapokaanga karanga au kuchoma mahindi. Kilevi hakihusiki hapo, maana kilevi kinategemea sukari iliyoliwa na hamira.

Laga nyeusi za Kijerumani zina majina mawili ya kukumbuka. Ya kwanza ni Dunkel, ya Bavaria, yenye rangi ya kahawia na ladha ya mkate. Ya pili ni Schwarzbier, maana yake bia nyeusi tu, inayopatikana zaidi mashariki ya nchi, katika jimbo la Thuringia. Maarufu kuliko zote ni Köstritzer, kutoka mji mdogo wa Bad Köstritz, ambako kiwanda kinahesabu historia yake tangu mwaka 1543.

Köstritzer ni nyeusi kama kahawa ya kijiweni, lakini kilevi chake ni asilimia 4.8. Safari Lager, ya dhahabu inayong'aa, ina asilimia 5.5. Umeona? Nyeusi ni pole kuliko ya dhahabu!

Ila usije ukajisahau ukadhani nyeusi zote ni pole. Kuna ndugu yao aitwaye Doppelbock. Asili yake ni watawa wa Munich, waliokuwa wakipika bia nzito ya kuwashibisha wakati wa mfungo wa Kwaresima. Ile inayoitwa Salvator ina asilimia 7.9, na kwa kuwa ni tamu haikuonyi. Unashtukia magoti hayakusikii. Kwa hiyo kanuni ni moja: rangi isikutishe wala isikudanganye, soma lebo.

Na ile habari ya damu? Jamani, bia si dawa. Anayehitaji damu aende hospitali akapimwe, na mjamzito asinywe kabisa, iwe nyeusi, iwe nyeupe.

Namna ya kuonja, wawili

Tuje kwenye utamu wenyewe. Ukisafiri, au ukikutana na laga nyeusi kwenye duka linaloleta bia za nje, nunua chupa moja. Moja tu! Za Kijerumani mara nyingi ni za nusu lita, sawa na chupa zetu kubwa, kwa hiyo kila mtu anapata glasi yake ya kutosha.

Kwanza, baridi. Huku kwetu mhudumu anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Laga nyeusi haitaki moja wala nyingine. Ikitoka kwenye friji ikiwa inatoa moshi, ulimi unakufa ganzi na husikii kitu. Ikiwa ya moto, utamu unazidi na bia inachosha. Itoe kwenye friji dakika 10 hadi 15 kabla, kutegemea joto la mji wako, ifike nyuzijoto 8 hadi 10 hivi.

Pili, glasi. Usinywe kwa chupa, maana harufu ndiyo nusu ya ladha, na mdomo wa chupa unaibana harufu. Glasi iwe safi isiyo na mafuta. Mimina ukiwa umeiinamisha, mwishoni isimamishe ili povu lipande vidole viwili. Povu la rangi ya maziwa yenye chai kidogo ni dalili njema.

Tatu, macho. Inyanyue mbele ya taa. Ulidhani ni nyeusi ti, kumbe pembeni ina wekundu wa zabibu! Muonyeshe mwenzako.

Nne, pua. Hapa kila mmoja achukue kipande cha karatasi. Nuseni, kisha kila mtu aandike anachosikia bila kuchungulia cha mwenzake. Mifano ya kukusaidia: ukoko wa mkate uliotoka tanurini, karanga za kukaanga, sukari guru, kahawa, chokoleti isiyo na sukari. Dunkel itaelekea kwenye mkate na karanga, Schwarzbier itaelekea kwenye kahawa. Mkisikia harufu ya boksi lililoloa maji, bia hiyo imekaa sana na imechoka, si nyie.

Tano, mdomo. Piga funda dogo, lizungushe ulimini, meza, halafu subiri. Mwanzo kuna utamu kidogo, katikati ladha ya kuokwa, mwisho uchungu mdogo unaokata utamu na kuacha koo safi. Hapo ndipo utajua hii ni laga, si stauti. Ni nyeusi usoni lakini nyepesi mwilini.

Sasa badilishaneni karatasi. Yeye kaandika kahawa, wewe umeandika mkate ulioungua. Msigombane! Kila mmoja ana jiko alilokulia, na pua inakumbuka mambo ambayo mdomo haujawahi kuyasimulia. Muulize, "Kwa nini mkate?" Unaweza kusikia habari za bibi yake, za bekari ya mtaani kwao, za safari za shule. Kuna watu wameoana miaka mitano na hawajawahi kuulizana swali la namna hiyo.

Mkitaka kula, kule Bavaria Dunkel inaandamana na nguruwe wa kuoka, kwa hiyo kwa wanaotumia kitimoto jibu lipo tayari. Nyama choma na kuku wa kuchoma vinafaa vilevile, maana ladha ya moto kwenye nyama inasalimiana na ladha ya moto kwenye kimea. Pilipili iwe ya kiasi. Na kama mmoja wenu hatumii kilevi, asitengwe mezani. Mpe kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, nacho kina harufu ile ile ya shayiri iliyookwa, na mchezo wa karatasi anaucheza vizuri tu.

Kuhesabu au kuonja?

Nasema haya kwa sababu nyingi ya mitoko yetu imegeuka kuwa hesabu. Mmekunywa ngapi? Amekununulia ngapi? Meza inajaa chupa tupu kama kombe la ushindi. Saa nne usiku mmoja anachat na simu, mwingine anaangalia mpira, na bili inakuja ya kuwanunisha wote wawili. Tena bado kuna usukani wa kushika kurudi nyumbani. Ukiwauliza bia ilikuwa na ladha gani, jibu ni moja: "Ya baridi."

Bia iliyolala wiki kadhaa kwenye ubaridi ili iive haikutengenezwa imalizwe kwa dakika tano. Ipe nusu saa. Nusu saa ya watu wawili, simu zikiwa zimelala kifudifudi, mkibishana kama ile harufu ni kahawa au karanga, ni mtoko tosha, na asubuhi kila mmoja atakumbuka mwenzake alisema nini.

Jaribuni wikiendi hii, hata kwa bia yenu ya kawaida kama nyeusi haijapatikana. Kisha niandikie uniambie kwenye karatasi yake kaandika nini. Tukutane mwezi ujao!