Kutetemeka si Uzee

Katika vijiji vya pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, mzee akianza kutetemeka mkono, hatua zikawa fupi na sauti ikafifia, jamaa husema ni uzee. Wengine husema amechezewa. Miaka hupita kabla hajafikishwa hospitali, na hata akifika huweza kurudishwa na dawa za maumivu ya viungo.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwabaini wagonjwa 33 wa Parkinson miongoni mwa wakazi wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hali ya pwani ni bora zaidi.

Katika ugonjwa huu, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole, huku protini iitwayo alfa-sinukleini ikirundikana. Mwaka 2023 watafiti, wakiwamo wa Nigeria, walitangaza badiliko la jeni ya GBA1 linaloongeza hatari kwa watu wenye asili ya Afrika. Ni hatua kubwa, kwa kuwa tafiti nyingi za awali ziliwahusu watu wenye asili ya Ulaya.

Hata hivyo, mgonjwa wa leo hapaswi kusubiri maabara. Parkinson hutambuliwa kwa macho na mikono ya tabibu: kusogea kwa uzito, pamoja na mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, au misuli iliyokakamaa. Kabla ya yote, aulize dawa anazotumia mgonjwa, kwani haloperidoli na metoklopramidi huweza kuleta dalili zilezile.

Ipo hofu kwamba levodopa ikianzwa mapema itaisha nguvu. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionesha kwamba matatizo ya mwendo yanayojitokeza baadaye hufuata umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, wala si miaka ya kutumia dawa. Kumnyima mgonjwa dawa kwa hofu hiyo ni kumpotezea miaka ambayo angeweza kutembea, kuvua na kujilisha mwenyewe.

Wapo wanaoutazamia upupu, unaoota katika vichaka vya pwani. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, lakini kiwango chake hutofautiana. Kujichemshia nyumbani ni kubahatisha.

Kinachohitajika si mashine ya gharama kubwa. Mganga wa zahanati afundishwe dalili hizi, na hospitali ya wilaya iwe na levodopa mwaka mzima, maana dawa ikikatika ghafla mgonjwa huweza kukakamaa hata maisha yake yakawa hatarini. Nayo familia, ikiambiwa "ni uzee tu", isikubali haraka. Iombe mzee apimwe mwendo na mikono yake kabla ya kurudishwa nyumbani.